Krispi, biskuti na karanga kontena moja: namba ipi ya HS?

Jumla_Kikuubo
Wakuu, salaam. Nina kontena la futi 40 linatoka Dubai, linapitia Mombasa kuja Kampala. Ndani kuna krispi za viazi za pakiti, krispi za kopo (zile zinazopangwa moja juu ya nyingine), vile vya mahindi vilivyofura vyenye unga wa jibini, biskuti za krimu, wefa zilizofunikwa chokoleti, karanga za kukaanga zenye chumvi, na katoni chache za sev na chevda za Kihindi. Wakala ameandaa rasimu ya entri (tamko la forodha) na kila kitu amekiweka 1905.90. Anasema vyote ni vitafunwa, afisa hatasumbua. Muuzaji naye ameandika 2106.90 kwenye ankara ya sev na chevda. Nimsikilize nani? Na namba ikikosewa, naumia kiasi gani?

Entri_Safi
Ndugu, usimsikilize yeyote kati yao mpaka uone karatasi ya kiwanda. Jedwali la HS, lile la kimataifa la kuainisha bidhaa kwa ajili ya ushuru, halina kifungu cha "vitafunwa". Linauliza kitu kimetengenezwa kwa nini na kimepitia njia gani. Rafu ya supamaketi na jina la pakiti havina uzito hapo.

Krispi za pakiti: kama ni kiazi chenyewe kilichokatwa vipande vyembamba na kukaangwa, ni 2005.20. Za kopo mara nyingi si vipande vya kiazi; ni unga wa viazi uliokandwa na wanga, ukasukumwa, ukakatwa umbo moja na kukaangwa. Hiyo ni 1905.90. Soma viambato: ukikuta "viazi, mafuta, chumvi" uko sura ya 20 (namba zinazoanza na 20), ukikuta "viazi vilivyokaushwa, wanga, unga wa mahindi" uko 1905.

Vya mahindi vilivyofura ndipo watu wengi huteleza. Kama nafaka au unga wake umefurishwa kwa joto na mgandamizo wa mashine, halafu ukanyunyiziwa mafuta na ladha, ni 1904.10, pamoja na bisi zilizokwisha kupasuka. Lakini kama ni donge la unga wa mahindi lililokaangwa kwenye mafuta, kama zile pembetatu za Kimeksiko, linarudi 1905.90. Pakiti mbili zinafanana kwa macho, njia ya kutengeneza ndiyo inazitenganisha. Kwa hiyo mwombe muuzaji maelezo ya hatua za uzalishaji, ukurasa mmoja wenye mhuri wa kiwanda. Bila hiyo, afisa atakisia, na huwezi kujua atakisia upande gani.

Biskuti tamu ni 1905.31, wefa 1905.32. Chokoleti juu ya wefa haiihamishi, kwa sababu kifungu cha 1905 chenyewe kinaruhusu kakao. Kwa 1904 mambo ni tofauti: kikizidi asilimia 6 ya kakao iliyotolewa mafuta yote, au kikifunikwa chote kwa chokoleti, kinahamia 1806. Karanga zilizokaangwa ni 2008.11, 1202 ni ya karanga mbichi tu.

Mama_Mizani
Hapo kwenye za kopo sikubaliani. Kiambato kikubwa bado ni kiazi, kwa nini zisibaki 2005.20 na ndugu zake?

Entri_Safi
Dada, wingi wa kiazi hautoshi. Maelezo rasmi ya WCO (Shirika la Forodha Duniani) kwenye 1905 yanataja wazi vitafunwa vikavu vya donge la unga wa viazi au wa mahindi vilivyokaangwa tayari kuliwa. Kanuni ya 1 ya ufasiri (fuata maneno ya kifungu chenyewe) inamaliza suala hapo, hufiki hata kanuni ya 3 (ya bidhaa inayoweza kuingia vifungu viwili).

Boda_ya_Malaba
Naongezea la sev na chevda. Muuzaji hakusema uongo: India ina maelezo ya nyongeza kwenye jedwali lao yanayoweka "namkeen" na "bhujia" (vitafunwa vyao vya chumvi) ndani ya 2106.90. Maelezo hayo ni ya kwao, hayamfungi afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Sev ni donge la unga wa dengu lililokaangwa, hoja yenye nguvu ni 1905.90. Chevda ni mchanganyiko. Andika asilimia ya kila kitu kwa uzito (sev, karanga, mchele uliopondwa), kwa sababu hapo utajadili kinachoipa bidhaa sifa yake kuu.

Sasa pesa. Tangu Julai 2022 jedwali la pamoja la ushuru la EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) lina viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Usikariri kiwango cha mwaka jana. Uganda huomba kila mwaka kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, nayo hutangazwa kwenye Gazeti la EAC na kuanza tarehe 1 Julai. Juu ya ushuru kuna VAT asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 6 kama huna msamaha, na tozo ya miundombinu asilimia 1.5 ya CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na usafiri).

Chukua mzigo wenye CIF ya shilingi milioni 100. Namba sahihi ikiwa na kiwango kilicho juu kwa asilimia 10, ushuru unapanda milioni 10, na VAT juu yake milioni 1.8. Ukaguzi wa baadaye unaweza kurudi nyuma miaka 5, na riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Milioni 11.8 ikilala miezi 24 inazaa riba ya zaidi ya milioni 5.6. Afisa kutosumbua leo si kinga.

Jumla_Kikuubo
Nimewaelewa. Meli haijaondoka. Nianze na nini?

Boda_ya_Malaba
Rudisha ankara kwa muuzaji. Neno "assorted" lifutwe. Kila bidhaa iwe na mstari wake wenye jina kamili, katoni, uzito halisi na bei. Nchi ya asili iwe pale ilipotengenezwa, si Dubai kwa sababu tu imepakiwa huko. Majina hayo hayo yawe kwenye cheti cha PVoC (ukaguzi wa viwango kabla mzigo haujasafirishwa) cha UNBS, shirika la viwango la Uganda, maana cheti kikisema biskuti na entri ikisema krispi, kontena linakaa Mombasa huku ada ya hifadhi ikihesabiwa.

Kwa chevda na vya mahindi, omba URA uamuzi wa awali wa uainishaji, uambatanishe sampuli na karatasi ya kiwanda. Majibu yakichelewa na mzigo ukafika, na afisa akakupa namba usiyoikubali, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya EAC kinakupa siku 30 kuomba Kamishna apitie upya kwa maandishi. Naye ana siku 30 kujibu. Zikipita kimya, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Unaweza kuomba mzigo utoke kwa dhamana huku shauri likiendelea. Krispi zina tarehe ya mwisho, kwa hiyo andaa hiyo dhamana mapema na benki yako.