Kuwaambia watu wasipige kura: ni siasa au ni kosa?

Wanajamvi, hili tulijadili bila kurushiana matusi.

Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilipiga marufuku makundi 33, likiwemo Mombasa Republican Council (MRC), wale wa "Pwani si Kenya" waliotaka Pwani ijitenge. Hoja yao ilisimama juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, mkataba wa 1895 uliowapa Waingereza kuusimamia, makubaliano ya Oktoba 1963 ya Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, ya kuuingiza Kenya, na kilio cha ardhi ambacho skwota yeyote wa Kwale au Kilifi atakusimulia. Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia, wakawataka Wapwani waususe.

Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku hiyo. Hapo niko na majaji. Lakini wakaongeza kwamba kama ajenda ya kundi ni siasa, likasajili chama. Chama gani? Kifungu cha 91 cha Katiba hakiruhusu chama kilichojengwa kwa misingi ya eneo! Unamwelekeza mtu kwenye mlango ambao Katiba yenyewe imeutia kufuli.

Wanaotetea marufuku hukimbilia Kifungu cha 3: kujaribu kuunda serikali nje ya Katiba ni haramu. Sawa. Ila kumwambia jirani "siku ya kura kaa nyumbani" si kuunda serikali. Kifungu cha 33 kimetaja kauli zisizolindwa, kama propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kukataa uchaguzi hakumo.

Najua mtaniletea usiku wa kuamkia 4 Machi 2013, polisi walipouawa huku Pwani. MRC walilaumiwa, wakakana. Aliyeua ashtakiwe kwa kuua. Sheria hiyo tunayo tangu zamani.

Halafu tazameni upande wa wakubwa. Oktoba 2017 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, alisusia uchaguzi wa marudio wa urais. Januari 2018 vuguvugu la upinzani la NRM (National Resistance Movement) likatangazwa kundi la uhalifu, kama MRC tu. Machi Raila akapeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta, mambo yakaisha. Vijana wa Kwale hakuna aliyewapa mkono.

Sasa nyinyi mnaotaka marufuku: Mpwani anayetaka kujitenga, bila silaha wala vitisho, leo apitie njia gani ya kisheria? Nitajieni kifungu.