Bia ya lager bila friji, joto la Dar: naombeni ushauri

KijanaWaMbagala: Wakuu, heshima kwenu. Nimeamua kupika lager nyumbani, lita 20. Nasikia hamira yake inataka baridi, nyuzi 8 hadi 13. Chumba changu hakishuki 29 hata usiku. Friji ni ya familia, imejaa samaki. Kuna njia?

BabuRombo: Lager ya nini? Kwetu mbege ni ndizi na ulezi, baridi haimhusu mtu. Marehemu mzee alikuwa anaonja kata moja, anatema pembeni, anasema "bado". Tunasubiri.

FundiNdoo: Tumbukiza ndoo kwenye beseni la maji, kisha chupa za barafu, ubadilishe asubuhi na jioni. Kuivisha ndoo fulana mbichi na kuipuliza na feni peke yake ni kazi bure, Dar ina unyevu mno. Hamira ya lager inayoitwa W-34/70 inavumilia nyuzi 18 hadi 20. Barafu ikikushinda, tafuta kveik, hamira ya Norway, hiyo hata 35 inachapa kazi. Umeweka hamira gani, na lini?

KijanaWaMbagala: Shukrani mkuu. Beseni la plastiki linafaa?

FundiNdoo: Nimeuliza hamira.

Mama_Neema: Someni Mithali 20:1. Mimi sisemi kitu.

KijanaWaMbagala: Basi sawa. Ya maandazi. Niliweka Jumatatu, na jana nimeshajaza kwenye chupa, kijiko kimoja cha sukari kila chupa ili itoe gesi. Sendofu ya dada ni Jumamosi, shemeji nimeshamuahidi. Na mapovu yalikuwa yametulia, msinione mjinga.

FundiNdoo: Siku tatu! Mapovu kutulia si kuisha. Kijiko cha chai au cha chakula?

KijanaWaMbagala: Cha chakula. Ila chupa ni za bia, za nusu lita, ngumu.

FundiNdoo: Chupa hiyo inataka gramu 3 au 4. Wewe umepiga zaidi ya 12, juu ya utamu ambao hamira haijaumaliza. Harufu ya ndizi inayoletwa na joto sahau, hapo tunaongelea chupa kupasuka, vioo kuruka.

Pilipili_Kichaa: Hii chai, na sukari imezidi. Huyu mwezi jana alifungua uzi kwamba ameokoka na pombe basi. Shayiri Mbagala umeitoa wapi?

KijanaWaMbagala: Nimeacha kunywa, sijaacha kupika. Shayiri ilitoka Karatu, nikaichipusha mwenyewe kwenye gunia.

BabuRombo: Kuchipusha kaweza, kupima sukari kashindwa?

Pilipili_Kichaa: Picha ya chupa. Bila picha ni chai.

FundiNdoo: Chai au si chai, asizitikise. Azifunike blanketi zito, ziingie kwenye baridi usiku huu, kisha afungue moja moja, kavaa miwani. Ziko wapi?

KijanaWaMbagala: Chini ya kitanda cha mama, ndiko kuna giza. Picha siwezi, ameshalala. Nimwamshe?

FundiNdoo: Mwamshe. Na samaki watoke kwenye friji.