Programu ya duka inajifunga ghafla, nifanyeje?

Muuliza: Wakuu habarini, nimetengeneza programu ya mauzo kwa C# (lugha ya kuandika programu), WinForms (ya kutengeneza madirisha ya Windows), kwangu inapiga kazi freshi tu ila kwa mteja mtandao ukikata inajifunga ghafla na risiti aliyokuwa anaandika inapotea, nimejaza try/catch (kodi ya kudaka makosa) kila kona mpaka kodi haisomeki, hivi hakuna njia nyingine?

fundi_kodi: Punguza hizo mkuu, nyingi zinaficha kosa tu. Kwenye Main (pale programu inapoanzia), kabla ya Application.Run, weka Application.ThreadException, hiyo inadaka makosa ya thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) ya skrini. Kwa thredi nyingine tumia AppDomain.CurrentDomain.UnhandledException, ila hapo programu inakufa tu, unawahi kuandika logi (kumbukumbu ya kosa) basi.

Muuliza: Kwa hiyo risiti ndo imeenda hivyo?

dada_wa_sistimu: Isevu kwenye faili kila anapoongeza bidhaa, usisubiri kosa. Alafu mtandao kukata nayo ni ajabu Bongo hii? 😂 Hapo try/catch inabaki, mwambie "mtandao umekata, risiti yako ipo, jaribu tena", sio unamrushia muuza duka maKiingereza ya logi skrini nzima

Muuliza: Dah, kweli. Naanza na hiyo ya kusevu