Tope la migodi kumwagwa baharini: lipigwe marufuku au lidhibitiwe?

Mleta mada: Wadau, msimamo wangu ni marufuku, hata kama bomba linashuka kina kirefu. Tazameni Papua New Guinea. Pale Basamuk, mkoani Madang, kiwanda cha nikeli cha Ramu humwaga tope, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa madini, kwa bomba linaloishia mita 150 chini ya maji. Wanasema tope ni zito kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo litateremka lenyewe hadi kwenye giza ambako hakuna mvuvi. Agosti 2019 tope lilifurika kiwandani likaingia baharini, na maji ya ufukweni yakageuka mekundu.

Na hata siku ambazo bomba linafanya kazi vizuri, kule chini wanaishi minyoo, kombe wadogo na majongoo bahari. Tope lililosagwa laini kama unga linawafukia kila siku, miaka nenda rudi. Wanaochuja chakula majini wanazibwa. Shaba nayo, hata kidogo, huua mayai na mabuu, na hao ndio samaki wa kesho.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, sasa tope hilo liwekwe wapi? Brumadinho, Brazili, 25 Januari 2019, bwawa la topesumu, yaani la kuhifadhi tope la mgodi nchi kavu, lilipasuka wakafa watu 270. Hapa kwetu Tanzania, mgodi wa almasi wa Mwadui, Novemba 2022, bwawa likapasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Papua New Guinea ni milima, mvua na matetemeko. Ukinilazimisha kuchagua kati ya minyoo na wanakijiji wanaolala chini ya bwawa, nachagua wanakijiji.

Mchangiaji wa pili: Niongeze la sheria. Mkataba wa London wa 1972 unahusu taka zinazotupwa baharini kutoka melini. Bomba linaloanzia nchi kavu halimo, limeachiwa sheria za kila nchi. Na msidhani ni nchi maskini tu: mwaka 2015 Norwei iliruhusu hadi tani milioni 250 zishushwe kwenye ghuba ya Førdefjord, sehemu ya samaki aina ya salmoni.

Mleta mada: Hoja ya matetemeko ni nzito, na waliokufa Brumadinho siwezi kuwapita kimya. Ila lile bwawa lilijengwa kwa kupandisha kuta juu ya tope lenyewe, njia rahisi kuliko zote, na Brazili iliipiga marufuku baada ya maafa. Kwa hiyo tusilinganishe bwawa bovu na bomba zuri. Tope linaweza kukamuliwa maji likarundikwa kavu, au likarudishwa kwenye mashimo lilikotoka. Ni gharama, naam, na mgodi ndio uibebe, kwa sababu leo anayeibeba ni mvuvi ambaye hakuulizwa. Bwawa likiharibika unaweza kutuma mitambo ikazoe. Tope likishatandazwa mita elfu moja chini, nani atakwenda kulizoa? Anayetetea bomba anijibu hilo kwanza.