Mrejesho: kompyuta ya nyumbani iliyokuwa nzito

Wakuu, habari za jioni. Nililalamika hapa kwamba kompyuta ya mezani tunayotumia nyumbani ukiiwasha unachemsha chai, unarudi, bado inazungusha kiduara. RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, Windows 10, HDD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya zamani. Wengi mlisema niongeze RAM. Mmoja akasisitiza nianze na diski.

Alikuwa sahihi kabisa. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, inayoonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, nikaona diski imeganda kwenye 100% huku prosesa (ubongo wa kompyuta) haifiki hata 15%. Yaani prosesa ilikuwa inangoja tu. HDD ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika huku na huko kutafuta faili. SSD, diski ya aina mpya zaidi, haina kitu kinachotembea.

Nikachukua SSD ya 240GB Kariakoo, fundi akahamisha kila kitu kama kilivyo, bila kupiga Windows upya. Akapuliza na feni, vumbi likatoka mabonge. Sasa inawaka na kuwa tayari ndani ya nusu dakika. HDD nimeibakiza humo humo kwa ajili ya picha.

RAM niliongeza baadaye hadi 8GB. Inasaidia watoto wakifungua tabo nyingi, ila mwenye hela ya kitu kimoja achukue SSD kwanza.

Limebaki hili: muda wa kawaida wa Microsoft kutoa masasisho ya Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu ni Core i5 ya kizazi cha nne, haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Nafikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Aliyeitumia na printa za nyumbani anijuze, tafadhali.