Madirisha mawili ya jikoni na mlango wa nyuma, Tanga: alumini au mbao, na bei ya haki ni ipi?

Jikoni_Sahare
Habari zenu wakuu. Nyumba iko Sahare, upepo wa bahari unapiga jikoni moja kwa moja. Madirisha ya chuma yameliwa na kutu, mlango wa nyuma umeoza chini. Nabadilisha madirisha mawili ya futi 4 kwa 4 na mlango mmoja wa futi 3 kwa 7. Fundi wa kwanza katoa bei ya alumini ya kusukuma, kwa kila dirisha. Wa pili alumini ya kufungua nje, kwa mita ya mraba. Wa tatu ni seremala wa mbao za mtiki, kataja jumla tu. Bei zimepishana mno. Nimwamini yupi?

Mkadiriaji
Dada, hapo huna bei tatu za kulinganisha, una kazi tatu tofauti. Anza kwa kuzigeuza zote ziwe za mita ya mraba. Futi 4 ni mita 1.22, basi dirisha moja ni mita za mraba 1.49, mawili 2.98. Mlango ni kama 1.95, ila uuliziwe bei yake peke yake, maana kitasa na bawaba vinabeba sehemu kubwa ya gharama ya mlango.

Kisha andika karatasi moja, wape wote ileile: unene wa profaili (fito za alumini za fremu) kwa milimita, unene wa kioo, wavu wa mbu, aina ya skrubu, usafiri, nani anang'oa fremu za zamani, nani anapiga plasta na rangi pembeni, nani anaondoa kifusi. Ugomvi mwingi huanzia kwenye kung'oa na kuziba. Fremu ya chuma ina miguu iliyozikwa ukutani. Ikikatwa kwa grenda ukuta unabaki salama, ikivutwa kwa mtaimbo tofali linapasuka na plasta inaongezeka. Kama haikuandikwa, utailipia wewe.

VAT ya kawaida ni asilimia 18, na anayeitoza ni aliyesajiliwa tu, kwa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Asiyesajiliwa hana haki ya kukuongezea.

FundiVioo
Kwa jiko naunga mkono ya kufungua nje. Ya kusukuma inafunguka nusu tu: dirisha lako la 4 kwa 4 litakupa nafasi isiyozidi futi 2 kwa 4 ya kutolea moshi na joto. Ya kufungua inafunguka karibu yote. Lakini angalia grili kwanza. Zikiwa nje, shata (kile kipande cha dirisha kinachofunguka) haina pa kufungukia.

Kwa Sahare, suala la skrubu ni zito kuliko rangi ya profaili. Skrubu ya chuma cha kawaida inashika kutu, inaacha michirizi ya kahawia, kichwa kinakatika na shata inalegea wakati alumini yenyewe bado nzima. Taka stenlesi (chuma kinachostahimili kutu), na karibu na bahari daraja la 316 ni bora kuliko 304. Njoo na sumaku ndogo: skrubu ya kawaida itanaswa kwa nguvu, ya stenlesi hiyo itashika kidogo sana au isishike kabisa. Jaribu na mikono ya shata pia, huko ndiko wanakobana matumizi.

Jambo la pili ni matundu ya kutolea maji kwenye fremu ya chini. Mafundi wengine huyaziba kwa silikoni bila kujua, masika ikija na upepo wa kusi maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Kabla hujamaliza kulipa, mimina kikombe cha maji kwenye reli. Yote yatoke nje.

Na saruji mbichi inakula alumini. Fremu ibandikwe tepu mpaka plasta ikauke.

Msaji
Mtiki msiudharau, shamba la Longuza liko hapo Muheza tu. Mwambie seremala aandike kwamba ni mbao ya kiini. Ile nyeupe ya pembeni mchwa wanaimaliza. Na iwe kavu: mbao mbichi ikikaukia ukutani, viungo vinaachia.

Mlango wako umeoza chini kwa sababu ukingo wa chini haukupakwa kitu, na mbao inanyonya maji zaidi kwenye ncha zake. Upakwe kingo zote nne kabla ya kufungwa kwenye bawaba. Bawaba tatu za inchi 4, si mbili. Mwanya wa milimita 3 pembeni, kama 10 chini. Kizingiti kiwe na mteremko kuelekea nje.

Mimi ningechanganya: mlango wa mbao, madirisha ya alumini.

Jikoni_Sahare
Asanteni sana. Grili ziko nje. Na napikia gesi, mtungi uko ndani ya jiko.

FundiVioo
Basi omba bei mbili kwa fundi yuleyule: ya kusukuma grili zikibaki, na ya kufungua pamoja na kuzihamishia ndani. Hapo ndipo utaona tofauti halisi. Ukihamisha, wavu lazima ukae upande wa ndani, na uache nafasi ya mkono kufikia komeo.

Mkadiriaji
Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, dirisha haliitoi. Mwambie seremala aweke luva (vibao vya kupitisha hewa) sehemu ya chini ya mlango, yenye wavu.

Bei iliyotolewa kwa simu usiitie sahihi. Fundi apime upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, achukue kipimo kidogo, apunguze milimita 5 kila upande, kisha apime kona kwa kona. Nyumba za zamani matundu yamepinda, na kioo kikishakatwa hakirudi dukani. Malipo: asilimia 50 ya kuanzia, 30 vifaa vikifika na ukishavikagua kwa sumaku, 20 baada ya jaribio la kikombe cha maji.