Tupeane uzoefu: kodi za kinanda (noti tatu zinazopigwa pamoja) zilikuingia lini kichwani?

MpwaWaMikindani: Wakuu, jana mazoezini kijana kaniuliza kwa nini kwenye skeli (ngazi ya noti saba) ya C meja, kodi ya D inatoka maina. Nikamwambia hesabu nusu toni, yaani funguo hadi funguo jirani, nyeusi zikiwemo. C hadi E nusu toni nne, E hadi G tatu: meja. D hadi F tatu, F hadi A nne: maina. Ukiitaka D meja, lazima ubonyeze F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), na kwenye skeli ya C haimo. Alivyocheka nikakumbuka mbali. Nyie je?

BesiLaMasasi: Sisi ni solfa ubaoni, yaani d r m f s l t (do, re, mi...), kinanda hakuna. d m s, r f l, m s t, chukua moja ruka moja mpaka skeli iishe. Kinanda nimekuja kukishika nimeshaoa.

KoroshoGhafi: Solfa imepitwa na wakati. Herufi ndo mpango mzima.

BesiLaMasasi: Wewe ukiambiwa wimbo ushuke kutoka doh G kwenda doh E unakimbilia transpozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti zote juu au chini. Mimi d m s yangu ni ileile.

KoroshoGhafi: Transpozi nimeinunua pamoja na kinanda, niache niitumie.

DadaAlto: Mmenikumbusha mkesha wa Pasaka, parokia siitaji, ni upande wa Nachingwea. Tangu Alhamisi Kuu kinanda kimya, wote tunaisubiri Gloria. Misa inakaribia kuanza, mpiga kinanda anamwambia mwenyekiti hela ya Krismasi hajaiona, leo hapigi. Mwenyekiti anamjibu subiri msimu. Msimu! Mwezi wa nne, korosho iko wapi? Jamaa akachomoa waya wa umeme, akauzungusha begani, huyoo. Kinanda kimebaki, waya umeondoka!

Betri tukazichomoa kwenye tochi za waumini. Akakaa mdogo wangu, kidato cha pili, anajua kodi tatu tu: d m s, f l d, s t r. Nikasema leo tumeumbuka. Kumbe ukizikusanya hizo tatu, noti zote saba za skeli zimo, kila noti ya wimbo inapata pa kukalia. Gloria ikaenda, kengele zinalia, kina mama vigelegele.

Kasheshe komunio. Wimbo wa maina, unakaa kwenye la. Mzee mmoja wa besi akawa anamtajia kodi sikioni. l d m sawa, r f l sawa. Kufika pa kumalizia mtoto akapiga m s t. Sisi tumepandisha s kuwa se, kinanda kinatuvuta chini, kanisa zima linageuka. Mzee akamwinamia: "Se! Mwanangu, se!" Akasogeza kidole nusu toni juu, m se t, tukatua l d m. Nililia.

MpwaWaMikindani: Hapo hapo. Maina ya asili kodi ya noti ya tano nayo ni maina, haina mvuto wa kurudi nyumbani. Pandisha noti ya saba ya skeli, inageuka meja. Kwenye A maina, E G B inakuwa E, G shapu, B.

KitangariBoy: Mpiga kinanda alilipwa?

MamaKanda: Alipwe nini? Kinanda kanisani ni sadaka.

TenaWaNewala: Na nauli ya bodaboda pia sadaka?

MamaKanda: Atembee, sisi tunatembea.

BesiLaMasasi: Turudi kwenye mada. Anayeanza asiguse t r f. Nusu toni tatu na tatu, haitulii ile.

TenaWaNewala: Mimi naipiga kila Jumapili kabla ya d m s, inasukuma vizuri sana.

BesiLaMasasi: Ndo maana misa yenu haiishi.

KoroshoGhafi: Mwanzishe na A maina, funguo nyeupe tupu.

MpwaWaMikindani: Akizoea nyeupe tupu atakuwa kama wewe na transpozi yako. Mpe G meja mapema, ina F shapu.

KitangariBoy: Waya je?

DadaAlto: Aliurudisha mkewe Jumatatu ya Pasaka. Habari za hela muulizeni mwenyekiti.

TenaWaNewala: Huyo mdogo wako anapiga wapi sasa? Kuna kwaya Tandahimba inatafuta mtu. Nauli ipo.